Historia ya kipakatalishi darasani: Aongozaye sharti aongoke kwanza

“MBONA kompyuta inasema Kiswahili ni makosa?”

Niliulizwa swali hili mwaka 2018 na msichana wa darasa la sita, katika shule ile ile ya msingi nilikojifunzia a, e, i, o, u. Alikuwa ameandika insha fupi kuhusu soko la kwao. Chini ya karibu kila neno palikuwa na mstari mwekundu uliojipindapinda kama mnyoo. ‘Soko’ lilikuwa na mstari. ‘Ndizi’ lilikuwa na mstari. ‘Mama’ halikuwa nao, kwa sababu Kiingereza nacho kinalijua neno hilo. Mtoto wa watu alikuwa ameshaanza kuyafuta maneno yake moja baada ya jingine, akidhani amekosea.

Mimi, mwalimu wa Kiswahili wa chuo kikuu kwa zaidi ya miaka 30, ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyozileta mashine hizo shuleni. Tulikuwa tumekutana mara nyingi. Tulizungumza kuhusu kufuli, mlango wa chuma, soketi na bima. Hakuna hata siku moja tuliyojiuliza mashine hizi zitazungumza lugha gani na mtoto. Aibu iliyoje!

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia historia ya vipakatalishi shuleni, hapa kwetu na kwingineko. Nilichojifunza ni kwamba historia hii husimuliwa vibaya. Husimuliwa kama historia ya mashine: bei yake, rangi yake, nani alishinda zabuni. Hoja yangu leo ni kwamba hii ni historia ya uongozi. Mashine hufika kwa lori, siku moja, zikapokewa kwa ngoma na hotuba. Uongozi wa kuzitumia haufiki kwa lori. Hujifunzwa polepole, na kwa kawaida anayetakiwa kujifunza kwanza ni yule anayejiona anajua.

Hebu tuanze na neno lenyewe, maana safu hii ni ya lugha. Kitenzi ‘pakata’ tunakijua sote: mama humpakata mwanawe, yaani humweka mapajani akamshika. Kitenzi hicho kikaunganishwa na ‘tarakilishi’, tukapata ‘kipakatalishi’. Ndugu zetu wa Tanzania husema ‘kompyuta mpakato’. Majina ni mawili lakini kitenzi ni kimoja. Waliounda istilahi hizi walitazama mahali mashine inapokaa, na ni istilahi nzuri kwelikweli. Ila tujiulize: mwalimu anayekabidhiwa darasa la mashine hizi, yeye anapakatwa na nani?

Wazo la kumpa mtoto kompyuta ya kubeba ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1972, Alan Kay, mtafiti wa kituo cha Xerox huko Palo Alto, California, aliandika makala kuhusu kompyuta ya kibinafsi ya watoto wa rika zote. Aliiita Dynabook. Ingekuwa na ukubwa wa daftari, nayo ingetumika kusomea, kuandikia, kuchorea na hata kutungia muziki. Kompyuta za enzi hizo zilijaa chumba. Alichoweza kuwaonyesha watu ni mfano uliotengenezwa kwa kadibodi.

Kay alikuwa amevutiwa na kazi ya Seymour Papert, mwana wa Afrika huyu, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928. Papert alifanya kazi Geneva pamoja na mwanasaikolojia Jean Piaget kabla ya kuhamia chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake, miongoni mwao Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walibuni Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Mtoto huandika amri, na kobe hutembea akichora mistari. Kobe akienda upande usiotakiwa, mtoto huirudia amri yake, akaichunguza na kuirekebisha. Katika kitabu chake cha 1980, *Mindstorms*, Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru mashine, wala si mashine kumwamuru mtoto.

Tulishike wazo hilo. Msichana wa darasa la sita aliyekuwa akifuta ‘soko’ na ‘ndizi’ alikuwa akiamriwa na mashine.

Shule ya kwanza kulijaribu jambo hili kwa ukamilifu ilikuwa Methodist Ladies’ College, shule ya wasichana jijini Melbourne, Australia. Kuanzia mwaka 1990, chini ya mwalimu mkuu David Loader, wanafunzi walianza kuja shuleni na kompyuta zao za kubeba, na Logo ilikuwa sehemu ya masomo. Tusijidanganye: hii ilikuwa shule ya wenye nacho, na wazazi ndio waliolipia mashine. Hata hivyo, kuna jambo la kuzingatia. Uamuzi haukushushwa kutoka wizarani. Ulifanywa na mwalimu mkuu aliyekuwa na jibu la swali ‘kwa nini?’ kabla hajauliza ‘bei gani?’

Je, jambo hilo lingewezekana katika shule za umma, za mtoto wa mvuvi na mkata mbao? Jibu lilijaribiwa katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni jimbo la misitu na pwani, lenye shule nyingi ndogo vijijini. Gavana wake, Angus King, alizungumza na Papert, ambaye siku hizo aliishi papo hapo Maine. Papert alimweleza kwamba kupunguza idadi ya wanafunzi wanaogawana kompyuta moja hakutabadilisha mengi. Mabadiliko yatakuja pale kila mtoto atakapokuwa na yake. Mwaka 2000, hazina ya jimbo ikiwa na ziada ya fedha, King alipendekeza kila mtoto wa gredi ya saba apewe kipakatalishi.

Watu wengi walipinga. Wengine walisema barabara ni mbovu, wengine wakasema watoto watazivunja. Sisi Wakenya tunaijua lugha hiyo.

Alichofanya King baada ya upinzani huo ndicho kinachonivutia. Alikubali pendekezo lake lifumuliwe. Bunge la jimbo liliunda kamati, nayo ikatoa ripoti yake Januari 2001. Katika wazo la kwanza, mashine ingekuwa mali ya mtoto. Katika mpango uliopitishwa, mashine zikawa za shule. Muhimu zaidi, suala la kununua vifaa likageuka kuwa suala la kufundisha na kujifunza. Mkataba wa takriban dola milioni 37 kwa miaka minne ulitiwa saini na kampuni ya Apple. Shule chache zikatangulia kama za majaribio mapema 2002, na kufikia mwaka wa masomo ulioanza baadaye mwaka huo, zaidi ya wanafunzi 17,000 wa gredi ya saba katika shule zaidi ya 240 walikuwa na vipakatalishi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya gredi ya nane.

Katika kila shule palikuwa na mwalimu aliyeteuliwa kuwaongoza wenzake. Huyu hakuwa fundi. Fundi alikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa nyingine. Mwalimu kiongozi alikuwa mwalimu wa kawaida wa hisabati, sayansi au lugha, ambaye wenzake wangeweza kumwendea wakati wa chai wakamwambia, “Somo langu la leo limeniharibikia.” Mipango ya jumla nayo iliongozwa na Bette Manchester, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu. Yaani walimu waliongozwa na walimu.

Matokeo yalikuwaje? Mwaka 2007 David Silvernail na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Southern Maine walichapisha utafiti kuhusu uandishi wa wanafunzi wa gredi ya nane. Waliona kwamba alama za uandishi zilikuwa zimepanda ikilinganishwa na kipindi cha kabla ya mradi. Tena, waliofanya vizuri zaidi ni wale waliotumia mashine katika hatua zote za kuandika, kuanzia rasimu ya kwanza hadi nakala ya mwisho. Kwa maneno mengine, faida haikutoka katika kunakili kazi iliyokamilika ili ipendeze. Ilitoka katika kufuta, kupanga upya na kuandika tena. Mwalimu yeyote wa insha anajua kwamba mtoto aliyeandika kurasa mbili kwa kalamu hataki kusikia habari ya kuziandika upya. Kwenye mashine, kuandika upya si adhabu.

Sisemi kwamba Maine ni peponi. Gavana Paul LePage, aliyeingia madarakani 2011, aliukosoa mradi huo hadharani, na wapo waliouliza, kwa haki, kwa nini alama za masomo mengine hazikupanda vilivyotarajiwa. Lakini mradi haukufa. Mwaka 2009 ulifika shule za upili. Jambo lililozaliwa chini ya gavana mmoja likaendelea chini ya wengine, hata wasiolipenda, kwa sababu lilikuwa limeota mizizi kwa walimu.

Sasa tusafiri kwenda Amerika Kusini, ambako mashine moja iliingia katika nchi mbili na kuzaa historia mbili. Januari 2005, huko Davos, Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza mpango wa kipakatalishi cha dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Novemba mwaka huo mfano wake ulizinduliwa Tunis mbele ya Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mashine yenyewe, iliyoitwa XO, ilianza kuundwa kwa wingi mwishoni mwa 2007. Ilikuwa nyeupe na kijani, imara, yenye masikio mawili ya kunasia mawimbi. Bei yake haikuwa dola 100 bali karibu 188.

Peru ilinunua nyingi kuliko nchi nyingine zote: zaidi ya 850,000. Nyingi zilipelekwa shule za vijijini, hata milimani kusikokuwa na intaneti. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Mataifa ya Amerika walitoa ripoti iliyohusisha shule 319. Idadi ya kompyuta kwa kila mwanafunzi ilikuwa imepanda kutoka 0.12 hadi 1.18. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini katika hisabati na lugha hapakuwa na ushahidi wowote kwamba watoto wamejifunza zaidi. Yaani mashine zilifika, ufundishaji ukabaki ulivyokuwa.

Uruguay ilianza Mei 2007 katika mji mdogo wa Villa Cardal, chini ya Rais Tabaré Vázquez. Mradi huo uliitwa Plan Ceibal na kusimamiwa na Miguel Brechner. Kufikia Oktoba 2009, watoto wote wa shule za msingi za umma walikuwa na mashine, pamoja na walimu wao. Jumla yake karibu 380,000. Wenzetu hawa hawakuridhika na mashine tu. Walijenga mtandao wa intaneti shuleni, wakapanga utaratibu wa ukarabati, wakaunda taasisi ya kudumu.

Lakini sikiliza jambo hili, msomaji wangu. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba hata Uruguay, mashine zenyewe hazikuwa zimepandisha alama za hisabati na kusoma. Tofauti yao na Peru basi ilikuwa nini? Ni kwamba waliendelea kujifunza. Walipoona hawana walimu wa kutosha wa Kiingereza, tangu 2012 walianza kufundisha somo hilo kwa video, mwalimu wa mbali akishirikiana na mwalimu wa darasani. Korona ilipofunga shule mwaka 2020, njia za kumfikia mtoto nyumbani zilikuwa tayari.

Hapa Afrika Mashariki, Rwanda iliingia katika mpango wa XO mwaka 2008, na hatimaye ikapokea zaidi ya mashine 200,000.

Nasi je? Historia yetu twaijua, ingawa tunapenda kuicheka kuliko kuisoma. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilizama katika mizozo ya kisheria ikafutwa. Mwaka 2016 mradi ulianza upya kwa majaribio katika shule 150, na vifaa vikaletwa kupitia ushirikiano wa vyuo vikuu vyetu viwili na kampuni za nje: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP SA Couto, na JKUAT pamoja na Positivo BGH. Kufikia wakati huo ‘kipakatalishi’ cha mtoto kilikuwa kimegeuka ‘kishikwambi’. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa katika shule zaidi ya 20,000. Mwaka 2019 serikali ikabadilisha mwelekeo na kuzungumzia maabara za kompyuta badala ya kifaa kwa kila mtoto.

Tuwe waadilifu. Mradi huu ulifanya mambo ambayo hatuyatambui vya kutosha. Shule nyingi ziliona umeme kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Taasisi ya KICD ilitayarisha maudhui, Kiswahili kikiwemo. Walimu wengi walipata mafunzo. Lakini shule zilipofungwa Machi 2020, siku ambazo mtoto alihitaji kifaa kuliko wakati wowote, vishikwambi vingi vilibaki vimefungiwa stoo. Uruguay, mashine ilikuwa mikononi mwa mtoto. Kwetu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu.

Sasa nirudi kwa ufunguo ninaoujua mimi, nisije nikaonekana nawanyooshea wengine kidole.

Shuleni kwetu hatukungoja serikali. Wanafunzi wa zamani tulichanga tukanunua vipakatalishi 32 vilivyokwisha kutumika. Siku ya kukabidhi nilitoa hotuba ya dakika 40. Siku ya pili fundi kutoka mjini aliwafunza walimu kuwasha, kuzima na kuhifadhi faili. Tukapiga picha, tukala wali kwa kuku, tukaagana. Nilirudi chuoni nikijiona nimetenda.

Baada ya miezi miwili nilipita pale bila taarifa. Mashine zilikuwa stoo. Mwalimu mkuu alikuwa na ufunguo, naye alikuwa amekwenda mkutanoni mjini na ufunguo wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameambiwa na kamati yangu kwamba mashine moja ikipotea, yeye ndiye atakayejibu. Tulimpa woga, tukauita wajibu.

Nikamkuta mwalimu wa Kiswahili wa darasa la sita, mama wa makamo aliyebakisha miaka michache astaafu. Nikamuuliza kwa nini hazitumii. Alinitazama kwa upole, akasema:

“Prof, mmetufundisha kuwasha. Kuwasha hata mjukuu wangu anajua. Kesho nina somo la insha saa mbili na dakika ishirini. Nina watoto 54 na mashine 32. Niambie, nifanye nini?”

Sikuwa na jibu. Nimesimamia tasnifu za uzamifu, nimekaa katika kamati za mitaala, lakini sikujua la kumwambia mwalimu yule kuhusu dakika 35 za kesho yake.

“Basi nami sijui, Mwalimu,” nikamwambia. “Ukinikubalia nitakuja nikae nyuma ya darasa, tutafute pamoja.”

“Karibu,” akasema. “Lakini usihutubu.”

Nilikaa nyuma ya darasa lile takriban kila Ijumaa ya pili kwa mihula miwili. Somo la kwanza lilikuwa vurugu tupu. Dakika 20 ziliisha mashine zikiwa bado hazijawaka zote, na kabla ya kengele saba zilikuwa zimezimika kwa kukosa chaji. Somo la pili ndilo la ile mistari myekundu na lile swali la msichana. Mimi niligwaya. Mwalimu hakugwaya. Alilisimamisha darasa akasema, “Watoto, hebu sikilizeni. Mstari mwekundu si kosa lenu. Kompyuta hii haijasoma Kiswahili. Ninyi mmesoma. Kwa hiyo leo ninyi ndio walimu wake.” Darasa likacheka, na yule msichana akairudisha ‘soko’ yake.

Kijana mmoja aliyekuwa mazoezini pale, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, aligundua jinsi ya kubadilisha lugha ya ukaguzi wa tahajia. Ilimchukua muda wa chai tu. Nami nilipochimbua nilikuta jambo lililonisuta zaidi. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, tena ya bure. Miaka 14 kabla ya swali la mtoto yule! Kazi ilikuwa imefanywa na wanaisimu na wataalamu wa kompyuta wa lugha yetu wenyewe. Mwenyekiti wa kamati, profesa wa Kiswahili, hakujua.

Polepole tukapata mwendo. Mwalimu aliamua rasimu ya kwanza iandikwe daftarini nyumbani. Darasani watoto wakae wawili wawili, mmoja apige chapa, mwingine asome kwa sauti na kusikiliza kama sentensi inakwenda, kisha wabadilishane. Ijumaa ifuatayo wasiandike insha mpya, bali waifanyie kazi ile ile. Wenye sentensi ndefu wazikate. Wenye aya moja waigawe. Kwa nusu ya kwanza ya muhula nilidhani tunapoteza wakati. Kisha watoto wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu neno gani litangulie. Mwalimu wa Kiswahili akitaka kujua kama darasa lake liko hai, asikilize kama watoto wanabishana kuhusu maneno.

Ufunguo nao ulipata suluhisho. Kamati iliandika barua, kwa sahihi zetu sote, kwamba mashine ikiharibika ikitumiwa na mtoto darasani, lawama ni ya kamati. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Wiki hiyo hiyo alimkabidhi mwalimu wa darasa la sita ufunguo wa pili. Karatasi moja ilifanya kazi ambayo hotuba yangu ya dakika 40 haikufanya.

Hapa ndipo lugha yetu inaponifundisha. Chukua kitenzi ‘geuka’, kisha ‘geuza’. Aliyegeuka amegeuka mwenyewe. Aliyegeuza amemfanya mwingine ageuke. Sasa tazama ‘ongoka’ na ‘ongoza’. Kuongoka ni kufuata njia iliyo sawa. Kuongoza ni kuionyesha njia hiyo kwa wengine, mara nyingi kwa kuwatangulia. Mzizi ni ule ule, na humo mmezaliwa ‘kiongozi’, ‘mwongozo’ na ‘uongofu’. Kwa hiyo kiongozi, kwa mantiki ya Kiswahili, si mwenye ufunguo, wala si mwenye hotuba. Ni mtu aliyekubali kuonyeshwa njia, kisha akawaonyesha wengine. King alikubali kamati ilifumue wazo lake. Uruguay ilikubali kwamba alama hazijapanda, ikaendelea kutafuta. Mimi nilielekezwa na mwalimu aliyeniambia nisihutubu.

Najua zipo shule nyingi sasa hivi zinazopanga kununua vipakatalishi, vishikwambi au lolote litakalokuja kesho, kwa fedha za serikali, za wahisani au za wazazi. Kwa kamati zao nina maswali manne, na ningeomba yaulizwe kabla ya swali la bei. Somo gani, la siku gani, litabadilika, na kwa vipi? Mwalimu gani wa kawaida atakuwa kimbilio la wenzake, na vipindi vyake vitapunguzwa vingapi ili apate nafasi hiyo? Mashine ikivunjika ikitumika, nani ametangaza kwa maandishi kwamba mwalimu hatalipishwa? Na la nne, lile nililolisahau: mtoto akiandika kwa lugha yake, mashine itamwambia nini?

Swali hili la nne si la mapambo. Mtaala wetu unataka watoto wa gredi za chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mtoto anayeonyeshwa mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, Kidawida au Dholuo siku baada ya siku, hufunzwa jambo ambalo hakuna mwalimu aliyelipanga: kwamba lugha ya kwao ni kosa. Tutazungumzaje kuhusu kukuza Kiswahili makongamanoni ikiwa tunaziruhusu mashine zetu wenyewe zikisahihishe hadi kiishe?

Mwalimu yule amekwisha kustaafu. Mashine zilizokuwa 32 zimebaki 19. Nyingine zimekufa kifo cha kawaida cha mashine zilizotumika, nami sizililii. Mwalimu kijana aliyerithi darasa hilo huniandikia mara kwa mara kunieleza walichojaribu na kilichokataa. Mwezi uliopita alinitumia insha ya mtoto mmoja, rasimu tatu kwa pamoja ili nione safari yake. Ya kwanza ilikuwa na aya moja. Ya tatu ilikuwa na nne, na neno ‘ndizi’ lilikuwa mahali pake, bila mstari.